Miguu ya Nzisa na Mbuzi wa Kaveke

Jumatatu, 14 Oktoba

Daktari wa Kitui alisema niandike kila badiliko la miguu ya Nzisa, hata likiwa dogo namna gani, kisha nimpelekee daftari mwezi wa Januari. Nilinunua daftari nene, kwa imani. Sasa nimeona shida yake: miguu haibadiliki, na kurasa ni nyingi. Kwa hivyo nitaandika na mengine. Daktari akichoka ataruka.

Akisoma mtu mwingine asiyetujua: mimi ni Muindi, fundi cherehani wa soko la Zombe. Nashona sare za shule, na nguo za harusi kwa watu wasio na haraka. Nzisa ni mke wangu. Agosti alipasuliwa mgongo, wakatoa uvimbe uliokuwa umekalia uti. Uvimbe ulitoka, miguu haikurudi. Walisema inaweza kurudi na inaweza isirudi, tungoje. Nimeileta cherehani nyumbani, nashonea kwenye veranda chini ya dirisha lake, ili akiniita nisikie.

Leo nimeunguza muthokoi wa mahindi na maharagwe. Nzisa alisema ameshiba moshi, chakula nimpelekee mbwa. Mbwa naye alifikiria kwanza.

Mvua: hakuna. Miguu: vilevile.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ushirika wa akina mama ulikuja, kama kila Alhamisi. Anayeuongoza ni Kaveke, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Kaveke akiomba, kuku hushuka mtini. Lakini siwezi kumcheka sana. Tangu Agosti huja kila asubuhi, ananifukuza chumbani, anamgeuza Nzisa, anamwosha, anampaka mafuta mgongoni. Nilijaribu mara moja kumwosha mwenyewe. Nzisa alisema nimemshika kama kitambaa cha kupimia.

Vilevile.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepanda ndengu kwenye vumbi. Mbegu zinalala humo zikingoja mvua. Tuko wengi tunaongoja.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo tumempeleka Nzisa kwenye krusedi Kwa Vonza.

Wazo lilikuwa la Kaveke. Aliazima pikapu ya mwenye duka, wakatandika godoro nyuma, akina mama wakakaa kandokando kama ukuta ili asirushwe na mashimo. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikijifanya najua njia.

Mhubiri alikuwa mgeni, kijana mwenye sauti nzuri na jasho jingi. Sikumwona kama mtu mbaya. Alimwekea Nzisa mikono akaomba mpaka shati likamshika mgongoni. Kisha akasema, simama. Wahudumu wawili wakamwinua kwa makwapa. Mimi nashona suruali maisha yangu yote, na najua suruali inavyoning'inia kwenye kamba ikiwa haina mtu ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Akasema tena, simama. Watu wote uwanjani wakasema simama. Nami nikasema.

Mwishowe mhubiri aliinama, akasema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni, kwamba kuna kizuizi. Kuna dhambi haijasemwa. Uponyaji umefika mlangoni na mlango umefungwa kwa ndani.

Nzisa aliomba maji.

Njiani kurudi Kaveke alilia. Alishika nyayo za Nzisa mapajani mwake mpaka nyumbani, zisigongwe na chuma cha pikapu. Tulipofika Nzisa aliniambia, "Baba Mwongeli, nifunike miguu vizuri. Watu wasidhani imekataa kwa kiburi."

Alhamisi, 31 Oktoba

Ushirika haukuimba sana leo. Walikuja kutafuta kizuizi.

Nilikuwa verandani na gauni la mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Nzisa alikiri kwamba zamani alikuwa akimpunguzia mama yangu sukari kwenye chai na kuongeza kwenye yake. Wakaomba. Akakiri kwamba alitamani tangi la maji la Kaveke tangu siku liliposhushwa. Wakaomba, Kaveke akiwa na sauti ya juu kuliko wote, maana ni tangi lake. Kisha wakamwambia ajaribu kidole gumba cha mguu.

Kidole kilikataa.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua. Ilianza adhuhuri, ikapiga mabati mpaka hatukusikizana. Nzisa aliomba nimsogeze dirishani. Alitoa mkono nje, akaurudisha ukiwa umelowa, akajipangusa nao miguuni.

Vilevile.

Alhamisi, 7 Novemba

Dhambi za leo: alimwita kiongozi wa kwaya fisi. Alicheka kwenye mazishi ya mzee mmoja kwa sababu nywele za bandia za binti yake zilikuwa zimegeuka. Alinidanganya mara nyingi kwamba shati limekaa vizuri kumbe halikukaa.

Hilo la mwisho lilinichoma. Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio.

Wakaomba. Wakamwambia ajaribu. Nilijikuta na mimi huku nje nakunja kidole gumba changu ndani ya kiatu, kumwonyesha njia.

Jumanne, 12 Novemba

Ndengu zimeota mstari kwa mstari. Magugu nayo, bila mstari.

Mchungaji Kimeu alikuja. Ni kijana, ameletwa kwetu mwaka huu, bado anabisha hodi mara mbili. Alitusomea juu ya yule aliyepooza ambaye rafiki zake walimshusha kwa kutoboa paa. Alieleza kwamba Bwana alianza na dhambi, akamsamehe, ndipo akamwambia achukue kitanda chake aende.

Nzisa alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza, "Mchungaji, kama angeishia pale pa kwanza? Amesamehewa, lakini hajasimama. Rafiki zake wangerudi nyumbani wakisema nini?"

Mimi nikasema mwenye nyumba angeuliza habari ya paa lake. Walicheka kidogo, kunihurumia. Mchungaji alipokuwa akiondoka aliniambia kando kwamba hilo swali ataenda nalo.

Vilevile.

Alhamisi, 14 Novemba

Alikiri kwamba hana kingine. Wakamwambia afikirie.

Alhamisi, 21 Novemba

Hili ni refu. Daktari ruka hapa.

Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani kwangu, moja baada ya jingine. Akina mama walikuwa wamepitia kwetu wakielekea mashambani, maana magugu yamefika magotini na mtu akipoteza juma hili amepoteza ndengu. Waliomba wakiwa na haraka na wakijilaumu kwa hiyo haraka. Nzisa aliulizwa tena. Akasema hakuna. Kaveke akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawataondoka mpaka kizuizi kitoke, hata kama shamba litakufa.

Kisha nikamsikia mke wangu akisema, "Mbuzi wa Kaveke. Ni mimi niliyemuua. Nilimwekea dawa ya panya kwenye pumba."

Inabidi nieleze huyo mbuzi. Kaveke na Syokau wameolewa na ndugu wawili, maboma yao yametenganishwa na ua wa minyaa tu. Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, mbuzi wa Kaveke, yule mwekundu aliyekuwa akizaa mapacha, alikutwa amefura, amekufa. Kaveke alisema ni Syokau, ni dawa ya panya. Alisema sokoni, akasema kisimani, akasema kanisani. Syokau alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Alitoka kwenye ushirika, akatoka kwenye kwaya. Tangu hapo hawakuombana hata kaa la moto. Syokau hupita njia ndefu kwenda kisimani ili asipite mbele ya mlango wa mtu anayemwita muuaji.

Sasa basi. Nzisa hakumuua mbuzi yule. Najua kwa sababu juma lile tulikuwa Mukuyuni, Makueni kwao, kumzika shangazi yake. Nalikumbuka sana juma hilo, maana nilishona magauni ya waombolezaji na moja nilishona mkono wa kushoto kulia, na aliyelivaa alisimama mbele ya jeneza akipunga mkono mmoja kama askari wa barabarani. Tuliporudi Zombe mbuzi alikuwa ameshakufa.

Hakuna mtu aliyeomba. Kaveke alitoka, akanipita bila kuniona, akasahau jembe lake.

Akina mama wengine walitoka mmoja mmoja. Nilisikia mmoja akisema, sasa ataamka.

Nilipoingia Nzisa alikuwa amejigeuzia ukutani, yaani kichwa tu, kwingine hakugeuki. Nikamuuliza anataka chai. Akasema hapana.

Ijumaa, 22 Novemba

Kaveke alikwenda kwa Syokau asubuhi na unga kwenye ungo. Watu waliona. Alisimama kwenye pengo la ua, akasema nimekukosea, nilikusingizia, aliyefanya amejulikana. Syokau alimtazama sana, kisha akaweka chini ndoo yake. Wanasema walishikana wakalia, na waume zao wakasimama pembeni hawajui mikono waiweke wapi.

Nilimwambia Nzisa. Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Jumapili, 24 Novemba

Mchungaji alitangaza madhabahuni kwamba amani imerudi katika boma lile na tumshukuru Mungu. Syokau alikaa benchi moja na Kaveke. Watu walinipa mkono kana kwamba mbuzi nilimfufua mimi. Kila mmoja aliuliza habari ya miguu.

Vilevile, nikasema. Wakasema bado kidogo.

Jumatano, 27 Novemba

Kaveke hajaja kumwosha Nzisa tangu siku ile. Anawatuma wengine, na wengine wana mashamba. Najaribu mwenyewe. Namwosha uso, mikono, miguu. Mgongo naogopa kuugeuza nisije nikaharibu kazi ya daktari.

Nasema moyoni kwamba Kaveke amesamehe kwa mdomo. Mbuzi ni mbuzi.

Jumapili, 1 Desemba

Mchungaji alimletea Nzisa meza ya Bwana nyumbani, mkate na kikombe kidogo, kwenye kitambaa cheupe. Nzisa alikitazama kikombe akasema, "Rudi nacho, Mchungaji. Si leo." Hajawahi kukataa tangu nimjue. Mchungaji alifunga vitu vyake taratibu, hakumlazimisha. Alikaa naye muda mrefu bila kusema neno, na nadhani ndiyo kazi nzuri zaidi niliyomwona akifanya.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilimuuliza. Aliniambia yote. Naandika kama alivyosema, maana mimi ningepunguza.

"Walikuwa wamechoka, Baba Mwongeli. Nilisikia magugu yakikua. Nikafikiri, nikiwapa moja kubwa wataenda kupalilia. Ndipo nikamkumbuka Syokau na ile njia yake ndefu. Nikasema mimi siendi kisimani, siendi sokoni. Hiyo lawama ikikaa kwangu itamkosa nani? Mimi nimelala tu, niipokee. Nikajiona mwema sana. Nikajiona kama mwokozi."

Kisha akasema, "Mwokozi ni mmoja na hakudanganya mtu. Wiki zote nilitafuta dhambi, sikuipata ya kutosha. Sasa ninayo. Nililitaja jina la Mungu nikasema uongo machoni pa watu waliopiga magoti kwa ajili yangu. Nikifumba macho kuomba, naikuta imekaa mbele."

Nilimwambia aache. Nikasema wanawake wawili wameshikana, unataka kuwaachanisha? Ukimwambia Kaveke si wewe, kesho atarudi kwa Syokau na mawe. Nikasema Mungu mwenyewe lazima amependa, maana ona matunda. Nilisema vizuri, nadhani hata Mchungaji asingenizidi.

Akasema, "Fundi, shati halijakaa."

Alhamisi, 5 Desemba

Homa. Ushirika haukuja, ni palizi ya pili. Nimempa dawa ya maumivu, nimemfunika kitambaa cha maji.

Ijumaa, 6 Desemba

Homa imepanda. Anaongea na shangazi yake wa Mukuyuni. Nilimgeuza hatimaye, nikaona kidonda cha kulalia chini ya mgongo, kipana kama kiganja, nacho kimeingia ndani. Mimi ninayeweza kuona uzi mmoja uliolegea kwenye pindo la mtu akipita barabarani. Nilikuwa naosha uso.

Tunakwenda Kitui.

Jumanne, 10 Desemba

Wodi. Nakaa kwenye benchi. Hapa hakuna ninachoweza kushona. Wauguzi wananipita wakisema mzee sogea, nami nasogea.

Alasiri homa ilimwachia kidogo akanijua. Alisema hataki kufa nayo. Nikamwambia hafi. Akasema, "Hilo hujui." Ni kweli sijui. Akasema tukirudi nimwite Kaveke, na nisije na maneno mengi.

Jumamosi, 14 Desemba

Nyumbani. Ndengu zimetoa maua ya manjano shamba zima, hakuna aliyeziangalia, zimeota tu. Kidonda kinasafishwa kila siku na sasa najua namna ya kumgeuza. Muuguzi alinifundisha akasema mzee una mikono myepesi. Nilitaka kulia.

Nilimtuma mtu amwite Kaveke. Jibu: yuko shambani.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemwita tena. Amekwenda sokoni.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Binti yetu Mwongeli alikuja kutoka Nairobi na shuka mpya na keki. Alimwosha mama yake akatoka nje akaenda nyuma ya choo, akarudi macho yakiwa mekundu akisema ni moshi. Jikoni hapakuwa na moto. Nikasema ndiyo, huu moshi.

Kaveke alipita njiani kutoka kanisani. Nilimwona akiona nyumba yetu. Alishika njia ndefu, ile ya Syokau.

Miguu vilevile. Nzisa aliomba nimwite tena.

Alhamisi, 2 Januari

Nilikwenda mwenyewe. Kaveke alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na punda na mitungi, na hakukuwa na haja ya maji, tangi lile la kutamanika lilikuwa limejaa mpaka linamwagika. Nilisimama uani kama mdai.

Nilirudi nikiwa na hasira. Nilimwambia Nzisa yule mwanamke anaomba mpaka kuku washuke, lakini hawezi kumsamehe mgonjwa mbuzi mmoja. Nzisa alisema, "Mwache. Anaogopa." Nikauliza anaogopa nini. Akasema hajui, lakini mtu mwenye hasira angekuja.

Jumatatu, 6 Januari

Alikuja.

Ilikuwa mchana, nilikuwa nimemkalisha Nzisa kwenye mito. Kaveke alisimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Nilimwekea kiti, hakukaa. Nilianza kuuliza habari za kwake, Nzisa akaniangalia, nikaacha.

"Kaveke," akasema, "mbuzi wako sikumuua mimi. Nilidanganya."

"Najua."

Nikauliza anajuaje, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea na mimi.

"Nilimpasua mwenyewe, Baba Mwongeli. Tumbo lilikuwa limejaa mtama. Ule wa machipukizi ya kiangazi, baada ya kukatwa. Hata mtoto anajua mbuzi akila ule anakufa. Niliuzika pamoja na matumbo mtu asione."

"Na Syokau?" nikasema.

"Syokau nilikuwa nimemchukia kabla ya mbuzi. Watoto wake walikuwa wakifaulu, wangu hawafaulu. Mbuzi alinipa jina la kuita hiyo chuki." Sasa alikaa, lakini sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango. "Baadaye nikachoka nayo. Nilikuwa kama mtu aliyepanda juu asijue pa kushukia. Halafu siku ile wewe ukasema ni wewe. Nikajua saa ileile ni uongo. Mlikuwa Mukuyuni, hata magauni yenu nakumbuka watu walivyoyacheka mliporudi. Nikauchukua. Ukaniwekea ngazi, nikashuka, nikakuacha wewe huko juu. Ndiyo maana sikuweza kuja kukuosha. Ningekushika mgongo na mikono gani? Hicho kidonda ni changu, Mama Mwongeli."

Nzisa alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikasimama. Alikuwa akicheka, na machozi pia yalikuwepo.

"Na mimi nilidhani nimekuwa mwokozi," akasema. "Kumbe nilikuwa ngazi."

Kisha akamwambia aombe. Kaveke alifungua mdomo. Yule anayeshusha kuku mtini hakutoa hata neno moja. Alitikisa kichwa tu. Basi Nzisa akaomba yeye, sauti ndogo, kama anayemwambia mtu aliye karibu sana: "Bwana, tuko wawili hapa. Tumedanganya mbele zako. Hatuna kingine cha kukuletea. Tuhurumie."

Hakutaja miguu. Nilingoja aitaje, hakuitaja.

Nilisema amina. Halafu nikakumbuka hotuba yangu ya Desemba, ya kwamba tuuache uongo uendelee kuzaa matunda, nikaona nimeachwa nje ya hesabu. Nikasema, "Tuko watatu."

"Ndiyo, nilikuwa nakungoja," Nzisa akasema.

Jumanne, 7 Januari

Kaveke alikuja asubuhi akanifukuza chumbani. Nilimsikia humo ndani akimwambia Nzisa kwamba mimi nimeosha vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha akatoka akaenda kwa Syokau kumwambia habari ya mtama. Nilimtazama akitembea. Hakuwa na unga mkononi safari hii.

Alirudi mapema. Syokau alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: kwamba kosa alikuwa amelisamehe, lakini hili si la kukosea njia, hili lilijua linakokwenda. Kisha akafunga mlango. Kaveke alikaa kwenye hatua ya veranda yangu mpaka jua likahama. Nilimpa chai, haikuwa imeungua. Hakuna kingine nilichoweza.

Alhamisi, 9 Januari

Kaveke aliwaambia wanawake wa ushirika. Nzisa akaongeza lake. Wawili waliondoka bila kuaga. Waliobaki hawakumwambia mtu ajaribu kidole.

Mchungaji Kimeu alifika na kile kitambaa cheupe. Alitugawia wote mkate, Kaveke akiwa wa mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Mchungaji akamwambia Nzisa kwamba lile swali lake amekaa nalo miezi miwili. "Nadhani wale rafiki wangerudi wakilia," akasema. "Wangefikiri hakupata kitu. Ni yeye peke yake angejua."

"Na miguu angeitaka bado," Nzisa akasema.

"Angeitaka bado," Mchungaji akakubali.

Jumamosi, 11 Januari

Ndengu zimekauka, maganda meusi. Tumeanza kuchuma. Si nyingi, mvua iliondoka mapema bila kuaga, nayo.

Jumapili, 12 Januari

Syokau alikaa benchi la nyuma kabisa. Kaveke benchi la mbele. Watu wakaijaza nafasi iliyobaki katikati, kwa macho.

Alhamisi, 16 Januari

Badala ya kuomba tulipiga ndengu. Nilitandika turubai uani, nikamtoa Nzisa nje kwenye kiti cha magurudumu tulichopewa hospitalini, akavaa kofia yangu. Alikuwa na ungo mapajani, wanampakulia, anapepeta. Mikono yake haijasahau kitu. Makapi yalikuwa yakinirukia mimi, nadhani kwa makusudi.

Kaveke alikuwa na fimbo, anapiga. Tulikuwa wachache. Hakuna aliyekuwa akiimba.

Syokau alikuja kwa njia fupi. Nilimwona tangu korongoni, nikaona Kaveke naye amemwona na fimbo ikapoteza mwendo. Syokau alikuwa na fimbo yake mwenyewe. Alimsalimu Nzisa, akanisalimu mimi, akasalimu waliobaki mmoja mmoja, akamruka Kaveke. Akakaa upande wa pili wa turubai, akaanza kupiga. Wakapiga hivyo muda mrefu, mmoja huku, mmoja kule, na ndengu katikati zikiruka.

Kisha Syokau akasema, bila kuinua uso, "Unapiga kwa ncha. Zinatoka nje ya turubai."

Kaveke aligeuza fimbo akaishika vingine.

"Hivi, mwaitu?" akauliza. Ni jina la heshima analoitwa mama, naye alimpa mwanamke wa rika lake.

Syokau alisogeza turubai upande wake kidogo, kukinga zilizokuwa zikitoka upande wa Kaveke.

Nilimtazama Nzisa. Alikuwa ameacha kupepeta. Uso wake ulikuwa vile ulivyokuwa siku ile alipotoa mkono dirishani mvua ikianza. Nikainama nimsogezee nyayo juu ya kibao cha kiti, maana zilikuwa zimeteleza tena, na yeye hajui zikiteleza. Zilikuwa baridi, huku jua likiwaka. Nilizishika kidogo. Nilijaribu, Mungu anisamehe, kusikia kama kuna kitu.

Jumapili, 19 Januari

Kesho ni Kitui. Mwenye pikapu amekubali. Nimesoma daftari lote tangu mwanzo nikaona aibu. Limejaa mbuzi.

Daktari ni mtu wa haraka. Ataangalia kidonda, ataligonga goti kwa kile kinyundo chake, kisha atauliza kama kuna badiliko lolote, nami nitakuwa nimesimama na kofia mkononi, nikimtazama mke wangu naye akinitazama.

Nitasema, miguuni hakuna.